Simba na kiti cha kocha: kwa nini Mgunda asipewe timu moja kwa moja?

Wana Msimbazi, yaani mashabiki wa Simba, na wapenda soka wote, salaam.

Niliandika haya mwishoni mwa msimu wa 2023/24, kocha wetu Abdelhak Benchikha alipoondoka. Aprili 20, 2024 tulifungwa 2-1 na watani wetu Yanga, tukavuka kwenda Zanzibar tukabeba Kombe la Muungano mbele ya Azam, na medali hazijakauka jasho klabu ikatangaza kuachana naye kwa sababu za kifamilia. Timu wamekabidhiwa makocha wazawa, Juma Mgunda na Seleman Matola, wamalizie msimu. Mjadala wa kocha mpya umeshapamba moto, na karibu kila jina linalotajwa ni la mgeni. Mimi nasema Mgunda apewe mkataba wa misimu miwili. Siyo ukaimu, mkataba kamili.

Tuanze na tulikotoka. Kocha Sven Vandenbroeck alituingiza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kuichapa FC Platinum 4-0 Januari 2021, kesho yake akaaga. Akaja Didier Gomes, tukaifunga Al Ahly ya Misri kwenye Uwanja wa Mkapa kwa bao la Luis Miquissone na tukaongoza kundi. Oktoba mwaka huohuo tukatolewa na Jwaneng Galaxy nyumbani baada ya kushinda 2-0 kwao Botswana, naye akaondoka. Pablo Franco akamaliza miezi saba hivi. Zoran Maki hata ligi haijachanganya alikuwa ameshaondoka. Robertinho alitufikisha robo fainali na kuipeleka Wydad mpaka penalti kwao Casablanca, kisha kile kipigo cha 5-1 cha Yanga, Novemba 5, 2023, kikamwondoa. Benchikha naye ametuachia robo fainali ya Al Ahly na pengo kubwa kwenye msimamo. Hao ni wageni watano tangu Sven aondoke, na mpaka 2024 ubingwa wetu wa mwisho wa ligi ulikuwa wa 2020/21.

Naomba tuitazame ile 5-1 kwa utulivu, maana ndiyo inayotumiwa kama ushahidi kwamba tunahitaji "kocha mkubwa". Mapumziko ilikuwa 1-1, Kibu wetu alikuwa amesawazisha mapema. Mpaka saa nzima ya mchezo inatimia bado ni 1-1. Baada ya hapo yakaingia mabao manne ndani ya nusu saa. Nzengeli wa Yanga alikuwa anapita katikati yetu bila kuguswa, viungo wetu wanamkimbilia kwa nyuma, miguu haina kitu. Kocha ana lake pale, sikatai, lakini aliyesajili kikosi kisicho na pumzi hakugusiwa. Robertinho akafungasha, sisi tukabaki na kikosi kilekile.

Halafu Januari tukafanya jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Tuliwaachia washambuliaji Moses Phiri na Jean Baleke kwa mpigo, katikati ya msimu, huku Baleke akiwa miongoni mwa vinara wa mabao, tukawaleta Pa Omar Jobe na Freddy. Benchikha hakuwa na hata miezi miwili kazini. Kama yeye ndiye aliyetaka, basi tulimpa mamlaka ya kubomoa safu nzima mtu ambaye miezi michache baadaye hayupo. Kama hakutaka, ni mbaya zaidi.

Sasa Mgunda. Septemba 2022 alichukuliwa Coastal Union, Zoran akiwa ameondoka ghafla na mechi za Afrika ziko mlangoni. Akaitoa Nyasa Big Bullets nyumbani na ugenini, akaenda Luanda akaipiga Primeiro de Agosto 3-1, tukaingia makundi. Dabi ya Oktoba dhidi ya Yanga akatoka 1-1. Zawadi yake? Januari akaletwa Robertinho juu yake, baadaye akapelekwa Simba Queens, timu yetu ya wanawake. Akaenda, akafanya kazi, na leo tumemwita tena azime moto.

Wanaompinga wana hoja mbili ninazoziheshimu. Ya kwanza wanasema mzawa hawezi mechi kubwa za Afrika. Ndugu zangu, fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 tulipelekwa na Abdallah Kibadeni. Mwaka 2003 tulipoivua Zamalek ubingwa kwa penalti palepale Cairo, kwenye benchi alikuwa James Siang'a, Mkenya. Usiku ule unatajwa mpaka leo Msimbazi, na hakuna Mzungu aliyeupanga.

Ya pili ni Nasreddine Nabi, aliyekuwa kocha wa Yanga: "Mbona Yanga wamefanikiwa na mgeni?" Kweli kabisa. Lakini kumbukeni Nabi aliingia Aprili 2021, ubingwa ule tukauchukua sisi. Septemba akatolewa hatua ya awali ya Ligi ya Mabingwa na Rivers United, akifungwa nyumbani na ugenini. Kwetu angeondoka siku hiyohiyo. Yanga walimwacha, akawapa mataji mawili ya ligi mfululizo na fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023. Aliyemnyima kombe kwenye fainali hiyo ni Benchikha akiwa na USM Alger, ndiyo maana tulimshangilia sana alipotua kwetu. Nabi alipewa muda na kikosi alichokitaka. Sisi tunaiga pasipoti yake tu.

Kuna suala la leseni ya ukocha, hilo siligusi hapa, na kuna wanaosema wachezaji wa kigeni hawatamheshimu Mgunda. La heshima liko mikononi mwa uongozi: mchezaji akijua kocha ni wa muda, anamsubiri aondoke. Akijua ana misimu miwili na ndiye anayeamua nani abaki na nani aende, atakimbia mazoezini.

Masharti yangu ni haya: Mgunda akabidhiwe kabla dirisha kubwa la usajili halijafunguliwa, orodha ya usajili ipite mkononi mwake, apewe kocha wa mazoezi ya viungo wa uhakika, na kufungwa dabi moja kusiwe sababu ya kumwondoa.

Mnaotaka mgeni, karibuni. Ila tajeni jina, semeni atapewa muda gani, na nani atamchagulia straika.