Naomba ushauri: usafiri wa kazini kwa anayetumia kiti cha magurudumu, Kisumu

Ndugu wanachama, salaam. Naomba ushauri kuhusu dada yangu, anayetumia kiti cha magurudumu na ambaye mwezi uliopita aliajiriwa katika ofisi moja mjini Kisumu. Tunaishi Mamboleo. Matatu za asubuhi hazimngoji: kondakta akikiona kiti, ama anagonga bodi gari liondoke, ama anadai nauli ya watu wawili, ingawa kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kutumia usafiri wa umma. Inaniuma kumwona akiachwa barabarani akiwa amevaa nguo za kazi.

Tumejaribu tuktuk, ambapo dereva hukunja kiti na kukifunga nyuma kwa kamba ya mpira, lakini nauli ya kwenda na kurudi inamaliza karibu nusu ya mshahara, na siku za mvua dereva huyo hapatikani. Bodaboda siiafiki, kwa kuwa mgongo wake hauna nguvu.

Je, kuna aliyewahi kupatana na dereva wa tuktuk kwa malipo ya mwezi, na mlikubaliana vipi kuhusu siku asizofika? Pia, mwajiri anaombwaje kusogeza saa ya kuingia kazini, ili dada asafiri msongamano ukishapungua, bila kuhatarisha kazi aliyoipata juzi tu?