Sumu ya tumbaku iko chumbani. Nitajuaje kama imetuingia mwilini?

Mama Urambo
Habari zenu. Sisi ni wakulima wa tumbaku ya mvuke, Urambo. Dawa za kuua wadudu tunazokopeshwa kupitia chama cha msingi, mume wangu anaziweka chini ya kitanda kwa sababu stoo haina kufuli na wezi wapo. Chumba hichohicho ndimo yalimo magunia ya mahindi. Ukifika msimu wa kupiga dawa, mtoto wetu wa miaka minne analalamika kichwa, nami macho yananiwasha. Kuna kipimo? Tupime damu, au mahindi?

Tabibu wa Sikonge
Pole dada. Kwanza soma kwenye chupa jina la kiambato, si jina la biashara. Kama ni ya jamii za dawa za wadudu ziitwazo oganofosfeti au kabameti, kipo kipimo cha damu cha kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, ambacho sumu hizo hukizuia kufanya kazi. Shida ni kwamba viwango vya kawaida vinatofautiana sana mtu na mtu. Kwa hiyo anayepiga dawa apimwe kabla ya msimu, kisha arudie katikati. Kule California, Marekani, kikishuka kwa asilimia 20 kutoka kiwango cha mwanzo, utaratibu wa kazi unakaguliwa. Kwa dawa za wadudu za aina nyingine, kama imidaklopridi au pairethroidi, kipimo hicho hakikuambii kitu, hata kikitoka safi.

Huyo mtoto usimsubirishie maabara. Mpeleke kituoni, na ubebe chupa au karatasi yake. Ukimwona anatoka mate na jasho jingi, mboni zimesinyaa, misuli inachezacheza, hiyo ni dharura. Usimtapishe, wala usipoteze muda kumnywesha maziwa. Hayaondoi sumu.

Bwana Shamba Mstaafu, Kaliua
Nakubaliana na tabibu, ila mimi ningeanza na kitanda. Toeni hizo chupa leo. Sumu iliyomwagika shambani inapigwa na jua na mvua, na vijidudu vya udongo vinaivunja. Ndani ya nyumba hivyo vyote havipo, inakaa kwenye vumbi muda mrefu, na anayechezea vumbi ni mtoto.

Nunueni sanduku la bati na kufuli, likae nje ya nyumba ya kulala, mbali na chakula na kisima. Kufuli moja ni nafuu kuliko matibabu. Angalieni na utepe wa rangi kwenye lebo: mwekundu ndio sumu kali kuliko zote. Chupa tupu zisuuzeni mara tatu, maji yake yarudi kwenye bomba la kupigia, kisha zitobolewe. Nimeona nyumba nyingi dumu la dawa limegeuzwa la maji ya kunywa, na linaniuma kila nikiliona. Plastiki inafyonza sumu, kusuuza hakuitoi yote.

Mama Urambo
Asanteni sana. Sanduku nimemwambia, amekubali. Nguo zake za kupigia dawa huwa nafua pamoja na za watoto. Je, nayo ina shida?

Bwana Shamba Mstaafu, Kaliua
Ina shida kubwa, mama. Avulie nje, aoge kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto. Nguo hizo zipate beseni lake, nawe vaa glavu. Sakafu kama ni ya saruji pigeni deki, ufagio mkavu unarusha vumbi. Na wakati wa kuchuma, watoto wasiguse majani yenye umande: nikotini inapita kwenye ngozi, na kutapika kunaanza siku hiyohiyo.