Kikundi chetu cha bustani: niwashawishije akina mama wahame bondeni? Naomba ushauri wa haraka

Mama Kitalu
Habari za jioni wapendwa. Naomba mawazo yenu, wiki nzima hii sijalala vizuri.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama cha bustani hapa Dar. Tunalima mchicha, matembele, chainizi na bamia kidogo kando ya kijito kinachoingia Msimbazi. Tulianza kwa kucheza upatu, baadaye tukaona pesa izunguke kwenye udongo badala ya kuzunguka mikononi. Kila mwanachama ana matuta yake, halafu kuna matuta ya kikundi ambayo mauzo yake yanaingia kwenye mfuko. Alfajiri wachuuzi wanashuka na mabeseni, wananunua kwa tuta. Akifiwa mtu tunachangia, akijifungua tunakwenda na vitenge. Kikundi kipo hai kwa kweli.

Sasa naona muda umefika tuondoke pale. Maji si mazuri, kuna watu juu wanafungulia vyoo mvua ikinyesha, na masika yakija tunafagiliwa na mafuriko. Nimewapa wazo tuhamie kwenye bustani za magunia, kila mtu nyumbani kwake. Wamegoma. Mwenyekiti ndiyo kabisa, kaniambia mbele za watu, "Tangu lini katibu amekuwa bwana afya?"

Jumamosi tuna kikao. Nipeni mbinu za kuwalainisha wakubali kabla mwezi haujaisha. Matusi sitaki, nina presha.

Jembe Butu
Nimewahi siti ya mbele. Ngoja waje wataalamu.

Mzee wa Samadi
Dada yangu umeuliza jambo la maana. Gunia halina ugomvi na mtu. Chukua kiroba kigumu, weka kopo lililotolewa kitako katikati, lijaze kokoto, pembeni jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Unapandisha kopo kidogo kidogo huku unajaza, mwisho unalitoa, kokoto zinabaki zimesimama katikati kama nguzo. Maji unamwagia kwenye kokoto, yanashuka hadi chini. Toboa matundu ubavuni, chomeka miche ya sukuma au chainizi, juu weka matembele.

Samadi ya kuku usiweke mbichi, itaunguza. Mimi nilipostaafu nilijifanya najua, nikamwaga mbichi kwenye bustani ya mke wangu. Alinuna mpaka Idi. Hata leo akipika chainizi ya kununua ananiangalia kwanza mimi ndipo anaweka sufuria mezani. Halafu nikaingia kwenye kuku wa mayai, huko nako nina yangu, siku nyingine nitaanzisha uzi.

Dokta wa Mtaa
Mleta mada yuko sahihi kuhusu maji. Mwaka 1999 watafiti walichapisha vipimo vya mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, wakakuta humo madini ya risasi na kadimi. Na watu waelewe, vitu hivyo vikishaingia ndani ya jani havitoki kwa kuoshwa. Unaweza kulisuuza fungu mara kumi, unaondoa tope tu. Tena wengine wanasuuzia kwenye kijito hichohicho kabla ya kupeleka sokoni.

Bint Tanga
Mimi naona tatizo siyo maji. Tatizo akina mama wa siku hizi hatuheshimiani. Mwenyekiti akisema hapana, katibu unakuja kulalamika mtandaoni? Kaeni chini na kahawa, mambo yaishe. Kikundi chetu kina maua na viungo tu, mchaichai, mrehani, na hatujawahi kupelekana hata kwa mjumbe.

Kijana wa Kota
Mimi nilijiunga kikundi cha bustani kutafuta mboga nikatoka na mchumba. Endeleeni.

Mkenya wa Kariobangi
Salamu kutoka Nairobi. Magunia yanafanya kazi, hilo sina shaka. Kibera watu wengi waliyaanza mwaka 2008 baada ya ile fujo ya uchaguzi, shirika moja la Ufaransa likawapa miche na mafunzo. Mama yangu mdogo alikuwa na matano mlangoni. Lakini nikuambie ukweli, ni mboga ya kula nyumbani na ya kumpa jirani. Kama hao kina mama wanauza matuta mazima, gunia haliwezi kuwapa pesa hiyo. Ndiyo maana wanakataa.

Fundi Bomba
Wakuu mnajibu vizuri lakini kuna kitu hakijakaa sawa. Kijito ni kichafu miaka yote. Mafuriko yapo miaka yote. Kwa nini wahame KABLA MWEZI HAUJAISHA? Masika ni Machi. Mleta mada, nini kinatokea mwisho wa mwezi?

Mama Kitalu
Asante wote, Mzee wa Samadi Mungu akubariki, nimenakili. Dokta nimekuelewa, nitakwenda na hiyo ya 1999 kwenye kikao.
Fundi Bomba, hakuna kitu. Afya ni afya, haisubiri Machi.

Fundi Bomba
Hujajibu.

Jembe Butu
Hajajibu kweli. Naongeza mto, nakaa vizuri.

Mama Kitalu
Jamani mna maneno. Haya. Eneo lile si la kikundi. Ni la mjomba wangu, mimi ndiye niliyewapeleka akina mama pale, bure, hakuna aliyelipa kodi hata senti. Sasa mjomba amepata mtu anayetaka kuweka yadi ya magari. Wamekubaliana eneo liwe tupu tarehe za mwisho wa mwezi. Mjomba hataki vurugu, ameniambia niliondoe kundi langu kwa upole. Ningewaambia "eneo linauzwa" wangekwenda kupiga kelele serikali ya mtaa siku hiyohiyo. Nikaona sababu ya afya ni ya kweli na haimuumizi mtu. Kosa langu nini hapo?

Bint Tanga
Astaghfirullah.

Kijana wa Kota
Bwana afya kumbe ni dalali 😂😂

Fundi Bomba
Na mjomba atakupa nini?

Mama Kitalu
Swali gani hilo? Mjomba ni mjomba, amenisomesha mimi. Akinishika mkono ni asante tu, siyo malipo. Hela aliyonipa mwezi uliopita ilikuwa ya dharura ya mtoto shule, tulishakubaliana muda mrefu. Msinigeuzie kibao, nimeomba mbinu za kikao.

Mwanasheria wa Kijiweni
Ngoja tuweke magari pembeni. Maswali mawili.

La kwanza: mjomba alilipata wapi eneo? Kama ni la babu yenu, je, mirathi ilifunguliwa? Msimamizi wa mirathi anateuliwa na mahakama, hata Mahakama ya Mwanzo inatosha kwa familia nyingi. Mrithi mmoja hawezi kuamka asubuhi akauza ardhi ya marehemu kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Mnunuzi akija kushtuka, hela ya "dharura ya shule" nayo itatafutwa.

La pili: ni mita ngapi kutoka kijitoni? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Zege la yadi na mafuta machafu ya injini vitakaa wapi? Mchicha unaweza kuomba msamaha, lakini gereji pale haina pa kujitetea.

Mama Kitalu
Ni la babu. Mirathi haijafunguliwa lakini wajomba wote wanajua na hawana neno. Mmoja yuko Oman, amekubali kwa simu.
Mita sijapima. Ukiteremka matuta unafika majini, si mbali.

Mzee wa Samadi
Amekubali kwa simu! Mimi kaka yangu naye alikubali kwa simu kiwanja cha Kibaha. Alipopanda ndege kurudi, kukubali kulibaki hukohuko. Kesi ina miaka, wakili wetu ameshajenga.

Mchambuzi Huru
Samahani wakuu, mmepigwa CHAI na mnakunywa bila hata kitafunwa. Angalieni. Ujumbe wake wa kwanza hakuna mjomba. Kabanwa, mjomba akazaliwa. Kabanwa tena, hela ikazaliwa. Mara Oman. Kesho tutaambiwa mwenyekiti ni mke mwenza. Huyu hajawahi kushika keni ya kumwagilia. Ni mtu kakaa na bando la usiku anatunga. Weka picha ya bustani tuone.

Jembe Butu
Mimi nilishaanza kushtuka kwenye vitenge.

Kijana wa Kota
Chai ya maziwa na hiliki.

Mama Kitalu
Picha niweke ili wanitambue? Kuna wanachama humu.

Mchambuzi Huru
Jibu la wapishi wote wa chai. Haya, mtihani mdogo, bila kugugo. Mbegu ya mchicha ni ndogo kama vumbi. Mkulima unaimwagaje ikae sawasawa kwenye tuta?

Mama Kitalu
Unanipima mimi? Unachanganya na mchanga mkavu, mchanga mwingi mbegu kidogo, unatembea unamwaga kwa vidole kama mtu anayetia chumvi kwenye samaki. Ukimwaga mbegu tupu itadondoka sehemu moja, ikiota inasongamana, inakuwa miguu ya kuku. Unafukia kidogo sana, unatandaza nyasi juu, unamwagilia juu ya nyasi. Siku ya nne ya tano ukifunua pembeni unaona wekundu wekundu umejaa, unaondoa nyasi jioni, siyo mchana, jua litaukaanga. Wiki ya tatu au ya nne unang'oa na mizizi yake. Mvivu akichelewa unatoa maua, mchuuzi haugusi. Tuta langu la pembeni ya mgomba siku zote linachelewa kwa sababu ya kivuli. Nyingine?

Mzee wa Samadi
Huyo ni mkulima. Mchambuzi kaa chini.

Mchambuzi Huru
Sawa, analima. Basi nabadilisha. Labda yeye ndiye MNUNUZI mwenyewe, au wakala wake, anatafuta humu maneno ya kuwatolea akina mama. Someni tena ombi lake: "mbinu za kuwalainisha." Mwanakikundi gani anaongea hivyo kuhusu wenzake?

Sauti ya Bondeni
Mimi huwa nasoma tu siandiki. Ila katibu, kama ni wewe ninayekudhania, na huyo mgomba naujua, waeleze basi wenzako humu kuhusu ule mkopo.

Jembe Butu
🚨🚨🚨 Leteni jamvi kubwa.

Fundi Bomba
Mkopo gani?

Mama Kitalu
Sauti ya Bondeni sikujui na hunijui, bustani zenye migomba ni nyingi.

Mkopo ni huu wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake inayotengwa kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, sisi fungu la wanawake. Si siri, vikundi vyote vinachukua. Ulisimama 2023, uliporudi 2024 tukaomba tukapata, hauna riba. Tulinunua pampu, mipira na mbegu. Marejesho tunapeleka. Kwenye andiko la mradi tuliandika eneo ni la kudumu, mimi nikaleta barua ya mjomba. Wakati ule halikuwa linauzwa! Ningejuaje?

Mwanasheria wa Kijiweni
Kwa hiyo wanachama wote wanadaiwa kwa pamoja mkopo ulioombwa kwa barua ya mjomba wako, na Jumamosi unakwenda kuwaondoa kwenye matuta yanayolipa mkopo huo, kwa hoja ya afya. Dada, acha mbinu. Wapelekee habari yenyewe, tena kabla ya Jumamosi. Mwenyekiti aambiwe kwanza peke yake. Mjomba aje kikaoni na mdomo wake. Mwombe mnunuzi asubiri mirathi, na mazao yaliyoko ardhini yavunwe na waliopanda. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ajulishwe kwa maandishi kwamba eneo la mradi limebadilika, msije mkaonekana mmekimbia.

Bint Tanga
Na hela ya mjomba irudi.

Mama Kitalu
Irudi vipi wakati ada imelipwa? Nyie mnaongea kama watu wasio na watoto.
Mwanasheria nimekusoma. Ila mwenyekiti humjui. Nikimwambia peke yake, saa moja baadaye mtaa mzima unao. Nafikiri Jumamosi nitaanza na afya, nione upepo, halafu huko mbele nitaligusia la mjomba.

Dokta wa Mtaa
Basi ile 1999 yangu naomba usiitumie.

Mkenya wa Kariobangi
Kwani hakuna eneo lingine la wazi karibu? Shule, msikiti, kanisa? Huku kwetu kuna shule inawaachia kina mama uwanja wa nyuma, wao wanatoa mboga za uji na ugali wa watoto. Maji ya bomba, hakuna maji ya vyoo. Muulize mwalimu mkuu kabla ya kusambaza watu na viroba.

Mzee wa Samadi
Hilo la shule zuri sana. Mwalimu mkuu anapenda kuonekana ana mradi. Nendeni watatu, na mwenyekiti akiwa mbele, na fungu moja la mchicha uliooshwa.

Mama Kitalu
Shule ipo, ukuta kwa ukuta na zahanati. Sikuifikiria. Ila pale pampu haitahitajika.

Kijana wa Kota
Samahani nje ya mada, hiyo pampu ya kikundi ni ya aina gani? Nina shamba dogo Mkuranga.

Sauti ya Bondeni
Pampu haiuzwi.

Mama Kitalu
Ya petroli, inchi mbili, haina hata mwaka. Kijana njoo PM.