Nimsimulieje Fred Brooks kwa watu wasioijua kompyuta?

Swali

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mwezi ujao vijana wa usharika wetu watakuwa na ibada ambayo kila mmoja atapewa dakika kumi amsimulie Mkristo aliyemtumikia Mungu katika kazi isiyo ya madhabahuni. Nimemchagua marehemu Profesa Frederick Brooks, aliyezaliwa Durham, North Carolina, mwaka 1931 na kufariki Chapel Hill mwezi Novemba 2022 akiwa na miaka 91. Sisi tunaoandika programu tunaifahamu kanuni yake kwamba kuongeza watu katika kazi ya programu iliyokwisha kuchelewa huzidi kuichelewesha, lakini wasikilizaji wangu wengi ni akina mama wa kwaya na wazee wa kanisa. Rasimu yangu imegawanyika vipande viwili, kazi upande mmoja na imani upande mwingine, na mama aliponisikia nikiisoma jikoni aliuliza kama ninazungumzia watu wawili. Naomba mnisaidie kuona mahali ambapo mambo hayo mawili yanakutana.

Jibu la kwanza

Ndugu yangu, anza na herufi ndogo. Brooks ndiye aliyeongoza ujenzi wa mashine za System/360 za kampuni ya IBM, zilizotangazwa rasmi tarehe 7 Aprili 1964. Wakati huo mashine nyingi zilihifadhi kila herufi kwa biti sita (biti ni alama ya 0 au 1), nafasi inayotosha alama 64 tu, yaani herufi kubwa, tarakimu na alama chache za uandishi. Yeye alishikilia kwamba baiti, yaani fungu la biti linalohifadhi herufi moja, iwe na biti nane, nafasi ya alama 256, na hapo herufi ndogo zikapata makao. Uzeeni, baada ya kupewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1999, heshima ya juu kabisa katika taaluma ya kompyuta, na heshima nyingine nyingi, bado alihesabu uamuzi huo kuwa mkubwa kuliko yote aliyopata kufanya. Mwombe mzee mmoja wa kanisa afungue simu yake na kusoma ujumbe wa mjukuu wake kwa sauti, kisha uwaeleze kwamba baiti ya biti nane ndiyo inayotumika mpaka leo. Hapo watakuwa wamekuelewa bila hesabu nyingine yoyote.

Jibu la pili

Mfano wa simu ni mzuri, ila haujibu swali la mama, kwa kuwa hata mtu asiye na imani yoyote angeweza kuamua juu ya biti nane. Mimi ningekaa zaidi kwenye kosa lake. Baada ya mashine, Brooks alikabidhiwa kuongoza uandishi wa mfumo endeshi wake, OS/360, yaani programu kuu inayoiendesha mashine. Mkuu wa wasanifu alikuwa na watu kumi hodari, naye alisema wangeandika maelezo ya mfumo kwa miezi kumi, yaani miezi mitatu zaidi ya ratiba. Mkuu mwingine alikuwa na watu 150, akasema wao wangeweza kuyaandika kwa wakati, na kwamba wasipopewa kazi hiyo wangekaa bure. Yule wa kwanza alionya kwamba wakipewa wale 150, kazi itachelewa miezi ile ile mitatu na tena itakuwa duni. Brooks akawapa wale 150, na yote mawili yakatokea kama alivyoonywa. Kwa makadirio yake mwenyewe, uamuzi huo uliongeza mwaka mzima wa kusaka na kurekebisha hitilafu.

Haya yote tunayajua kwa sababu aliyaandika mwenyewe, kwa jina lake, katika kitabu cha mwaka 1975 kilichompatia sifa. Alikuwa amekwisha kuiacha kampuni katikati ya miaka ya 1960 ili kuanzisha idara ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, aliyoiongoza miaka 20, na hakuna aliyemlazimisha kuyatoboa. Kwa maoni yangu, hiyo ni toba ya mtu mzima. Akina mama wa kwaya pia hawatakuwa na shida na mfano wake maarufu, kwamba mimba huchukua miezi tisa hata ukiwapanga wanawake wangapi kuibeba. Mwenyewe alitania kwamba kitabu chake huitwa Biblia ya uhandisi wa programu kwa sababu kila mtu hukinukuu, baadhi hukisoma, na wachache hukifuata.

Jibu la tatu

Nakubaliana na aliyetangulia, ila naomba tusimgeuze Brooks kuwa mhubiri. Ni kweli alishughulika na umoja wa wanafunzi Wakristo wa InterVarsity, na mwaka 1973 alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyoandaa mikutano ya injili ya Billy Graham katika eneo lake. Hata hivyo, imani yake ilijitokeza pia pale ambapo hakuwa akihubiri. Katika kurasa za mwanzo za kitabu hicho hicho cha kiufundi, akieleza kwa nini kuandika programu kunafurahisha, anaifananisha furaha hiyo na ya mtoto anayefinyanga matope, kisha anasema ni lazima iwe taswira ya furaha ya Mungu katika uumbaji, inayoonekana katika upya wa kila jani na kila chembe ya theluji.

Kuhusu nyumba yake, alimwoa Nancy mwaka 1956, mwaka ule ule alipopata udaktari wake Harvard, nao wakajaliwa watoto watatu. Fungua ukurasa wa tabaruku wa kitabu hicho, pale mwandishi anapotaja anayemtunukia kazi yake. Toleo la 1975 amewatunukia wakubwa wawili wa kampuni yake ya zamani. Toleo la 1995 amemtunukia Nancy, anayemwita zawadi ya Mungu kwake.

Mwuliza swali

Nawashukuru sana. Nimeiandika upya nikianza na tabaruku hizo mbili, kisha watu kumi na watu 150, na herufi ndogo nimeziweka katikati. Jana nilimsomea mama tena pale pale jikoni. Safari hii aliacha kuchambua mchele, akauliza kama yule mkuu wa watu kumi aliwahi kuombwa radhi.