Sakulenti zinalainika majani baridi hii ya Mbeya, nifanyeje?

Mdau wa Forest Mpya
Habari zenu wakuu. Nina sakulenti, hii mimea ya majani manene yanayotunza maji, echeveria tatu na shubiri moja, zipo mezani sebuleni mbali kidogo na dirisha. Zilikuwa poa tu, ila toka Juni imeingia na hii baridi yetu echeveria moja majani ya chini yamekuwa ya njano yanapitisha mwanga, ukigusa yanadondoka, na nyingine imerefuka shingo inalala upande. Namwagilia kikombe kila wiki kama nilivyoelekezwa nilikonunua. Naombeni msaada, nazipenda sana hizi.

Uyole bustani
Pole dada. Acha maji kabisa kwa sasa. Sakulenti yenye kiu jani linasinyaa na kukunjamana, ila likiwa njano, laini, linapitisha mwanga, hapo mizizi imekosa hewa inaoza. Baridi ikishika mmea karibu haukui, maji hauyanywi, udongo nao ndani ya nyumba haukauki upesi, kwa hiyo kikombe cha Novemba sio kikombe cha Juni. Usifuate kalenda, chomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini, kikitoka na unyevu usimwagilie. Na huyo mgonjwa mng'oe leo uangalie shina, kama limeanza weusi kata kwa kisu kisafi mpaka ufike sehemu nzima isiyo na doa hata moja, kichwa kiache kivulini siku kadhaa kidonda kikauke ndo ukipande kwenye udongo mkavu, maji usikipe mpaka mizizi itoke.

Mnyakyusa wa Tukuyu
Nikazie kwenye udongo. Huo wa bustani peke yake unashika maji mno, changanya nusu kwa nusu na mchanga mnene wa mto, au vile vijiwe vyepesi vya volkano vyenye matundu, huku Rungwe vimejaa ardhini. Chungu kizuri ni cha udongo ambacho hakijapakwa rangi, mi natumia vya Wakisi kutoka Ikombe kule Matema, vinapumua sana ila lazima utoboe tundu chini, taratibu kisipasuke. Weka na kokoto chini kabisa maji yashuke.

Mama wa Njombe
Mwanangu wa Tukuyu yote sawa ila kokoto chini hapana jamani. Maji hayashuki kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ulowe kabisa, sasa hapo umeusogeza unyevu karibu na mizizi. Tundu linatosha. Hiyo iliyorefuka shingo inatafuta mwanga, na Juni jua liko kaskazini, kwa hiyo dada dirisha lako linalotazama mlima Loleza ndilo la kutumia, Desemba uhamie la kusini. Isogeze kidogo kidogo, ukiitoa kizani ukaipeleka juani siku hiyo hiyo majani yanaungua. Usiku iweke mbali na kioo, sisi huku Njombe baridi ya dirishani inaua.

Mdau wa Forest Mpya
Asanteni sana, nimemng'oa, weusi umefika nusu ya shina, juu pazima. Kuna majani yamedondoka bado magumu, nitupe?

Uyole bustani
Usitupe! Yale yaliyochomoka na kitako chake yalaze juu ya udongo mkavu yasipigwe jua kali, mizizi na vichipukizi vitatokea pale pale kitakoni. Lililokatika katikati halitoi kitu.