Makélélé: kwa nini namba sita ikapewa jina lake?

Swali: Wadau, kiungo Claude Makélélé alizaliwa Kinshasa 1973, akaichezea Ufaransa mechi 71. Hakuwa mfungaji wala fundi wa chenga. Sasa nafasi yake ya namba sita, kiungo anayelinda mbele ya mabeki, ikapewaje jina lake?

Jibu 1: Tazama Chelsea ya 2004/05. Wapinzani wengi walipanga 4-4-2 (mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili), viungo wawili tu katikati. Kocha Mourinho akaja na 4-3-3, viungo watatu katikati: Makélélé mbele kidogo ya mabeki, Lampard na mwenzake juu yake. Kiungo wa adui akipanda kumbana Makélélé, mmoja wa wale wa juu anabaki huru. Asipopanda, Makélélé anapokea mpira na kugeuka bila presha. Ligi nzima walifungwa mabao 15 tu.

Jibu 2: Wengi hukosea hapa: wanamweka pale mkabaji anayependa kujitupa chini. Akipitwa, katikati panabaki wazi. Makélélé alisimama kwenye njia ya pasi kabla haijapigwa, akinyang'anya anampa wa karibu, basi.

Jibu 3: Real Madrid walimuuza Chelsea 2003, kiangazi kilekile walichomleta Beckham. Ubingwa wa ligi hawakuuona tena hadi 2007. Hesabu za ajabu zile!