Naomba ushauri: filamu ya Kiswahili ya kuangalia na mama

Habarini ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 71, macho hayamruhusu tena kusoma maandishi ya chini ya skrini, na Kiingereza hakijui. Kila Ijumaa usiku tunaangalia filamu pamoja, na sasa nimekwama.

Mwezi huu tumeona mbili. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021), ile ya Yasmin na Denge katika Zanzibar ya miaka ya 1950, aliipenda mno. Mama amekulia Ng'ambo, ule upande wa mji wa Zanzibar nje ya Mji Mkongwe, basi kila uchochoro ukipita ananisimamisha anieleze. Mimi niliona inakwenda taratibu, ila picha zake ni nzuri ajabu. Ya pili ilikuwa Supa Modo ya Kenya (2018), kuhusu binti mgonjwa anayetamani kuwa shujaa. Kwangu ndiyo bora kati ya hizo mbili. Lakini mama alilia hadi akakosa usingizi, nikajuta.

Nimejaribu pia movi za nje zilizotafsiriwa na ma-DJ. Hazitaki kabisa, anasema yule mtafsiri anafunika sauti za waigizaji. Tamthilia nazo ni ndefu, anasahau walipoishia.

Naomba mnisaidie: ni filamu gani, Kiswahili kitupu au karibu chote, yenye kisa cha familia na isiyoishia msibani? Na kama mmeiona karibuni, sauti yake inasikika vizuri kwa mtu mzima?